Uzi: Karatasi zimo kwenye kompyuta lakini hazipatikani. Tutafute kwa maneno au tutie lebo?

#1 (mwanzisha uzi)

Salaam ndugu zangu,

Mimi ni karani kwenye ofisi ndogo ya wakili hapa Mombasa, mwaka wa tisa sasa. Kazi zetu nyingi ni za ardhi na mirathi, kwa hivyo karatasi zetu mwazijua: hatimiliki, viapo, ramani za mpima, vyeti vya vifo, barua za wazee, na siku hizi picha na sauti za WhatsApp ambazo wateja hututumia saa sita za usiku. Zote zimo ndani ya kompyuta moja na diski moja ya akiba. Juzi nilizihesabu, zapita 11,000.

Nimeleta mada hii kwa sababu nimechoka kuambiwa "wewe weka tu, kompyuta itatafuta yenyewe". Haitafuti yenyewe. Nieleze kilichonifika.

Jumatatu moja mama wa makamo alivuka feri kutoka Likoni, mjukuu mgongoni, aje kuchukua nakala ya kiapo cha marehemu mumewe. Kesho yake asubuhi alitakiwa akionyeshe. Nikamkalisha, nikamwambia dakika mbili tu mamangu. Nikaandika jina la marehemu kwenye kisanduku cha kutafutia: hakuna. Nikaandika namba ya ploti: hakuna. Nikaandika "kiapo", zikaja faili 300 na zaidi, nikaanza kuzifungua moja moja. Saa moja na nusu ikapita. Mjukuu akalala kwenye benchi. Mama akainuka, akajifunga leso yake vizuri, akaondoka mikono mitupu bila kunitolea neno baya. Hilo ndilo liliniuma.

Ijumaa nikakiona kile kiapo nikiwa natafuta kitu kingine kabisa. Faili yenyewe iliitwa Scan_20160811_0007.pdf. Ndani yake mlikuwa na picha ya karatasi tu, hamna hata herufi moja ambayo kompyuta ingeweza kuisoma.

Nikakaa nikajiuliza: je, yangekuwa maandishi kamili, ningeipata? Nikaichapa upya mwenyewe, neno kwa neno, nikatafuta tena. Mara mbili kati ya tatu nikaikosa.

Jina kwanza. Mteja alituandikia Mohamed, kama kilivyo kitambulisho. Kiapo cha 2016 kiliandikwa Muhammad. Hapa kwetu jina hili laandikwa njia nne au tano, na Fatuma ni Fatma ni Fatima, na Khamis ni Hamisi, na baba wa mtu huyo huyo mara ana "bin" mara hana. Ndiyo maana kila wiki twaapisha watu viapo vya kuthibitisha kwamba majina matatu ni ya mtu mmoja. Kompyuta haikuwepo wakati wa kuapa.

Kisha ploti. Kwa wale walio mbali: ardhi za bara ya kaskazini hapa huandikwa MN, za kusini MS, pamoja na sehemu kwa namba za Kirumi. Karatasi moja itasema MN/I/1234 (namba ya mfano), nyingine 1234/I/MN, nyingine itaandika maneno kamili "Mainland North Section I". Windows nayo haikubali mkwaju (/) ndani ya jina la faili, basi kila karani aliyepita ofisini aliuondoa kwa njia yake: huyu kistari, yule nafasi, mwingine nukta. Kiwanja kimoja, sura sita.

Lakini kuna jambo la tatu ambalo limenikosesha usingizi, na sijaona likizungumzwa kwa lugha yetu. Kisanduku cha Windows hulinganisha mwanzo wa neno. Ukiandika herufi tano, chaleta maneno yanayoanza na herufi hizo tano. Kwa Kiingereza hilo latosha, maana lugha ile huongeza vipande vyake mkiani: ukiandika inherit, inherited na inheritance zinakuja zenyewe. Kiswahili hugeuka kichwani. Mrithi, warithi, urithi, kurithi, alirithi. Mzizi mmoja, vichwa vitano. Ukitafuta "mrithi", faili iliyoandikwa "warithi wa marehemu" haiji. Ukiandika "rithi" peke yake wapata patupu, kwani nani huanza neno hivyo kwenye barua? Na "mirathi", ambayo ndiyo nusu ya kazi yetu, haina hata hizo herufi za "rithi" kwa mfuatano wake. Kiapo na viapo, shahidi na mashahidi, kiwanja na viwanja, mke na wake, yote ni hayo hayo. Zana hizi zilitengenezwa na watu ambao maneno yao hayabadiliki mbele, nasi tunaotumia Kiswahili kutwa tunapoteza karatasi bila kujua tumezipoteza, kwa sababu skrini hutwambia tu kwa utulivu kwamba hakuna kilichopatikana.

Msimamo wangu basi ni huu. Yale ambayo karatasi yenyewe inayasema, tuyatafute kwa maneno. Yale ambayo karatasi haiyasemi, tuyatie lebo kwa mkono, siku hiyo hiyo inapoingia. Ramani ya mpima haisemi ni ya kesi gani. Cheti cha kifo hakisemi kimeletwa kwa mirathi ya ploti ipi kati ya mbili za marehemu. Kiapo hakisemi kwamba kilirudishwa na msajili na kuna kingine baada yake.

Na lebo hizo ziwe ndani ya jina la faili, si kwingine. Windows hukuruhusu kuandika lebo kwenye picha za JPEG na nyaraka za Word, lakini kwa PDF hairuhusu, na PDF ndizo nyingi zetu. Mac ina lebo zake za rangi tangu 2013, nzuri sana, ila ukiitia faili kwenye flashi ukaipeleka kwenye kompyuta ya Windows, lebo huzioni. Jina la faili laenda kokote faili iendako.

Nyinyi mwafanyaje?

#2

Karani mwenzangu, pole kwa yaliyokufika. Mimi niko kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini na nakwambia kwa moyo mweupe: shida yako ya kwanza ni skana. Karatasi ikiingia bila kusomwa herufi, hata ukiipa jina zuri namna gani umefunga mlango mmoja.

Iko programu ya bure, OCRmyPDF. Huipa PDF yako tabaka la maandishi chini ya picha, karatasi ikabaki na sura yake na mihuri yake, lakini maneno sasa yanatafutika. Inatumia Tesseract, programu ya kusoma herufi kwenye picha, ambayo ilianza kwa kampuni ya HP miaka ya 1980 na ikaachiwa watu wote mwaka 2005. Kiswahili inakijua. Ukiandika -l swa+eng itasoma lugha zote mbili kwenye karatasi moja, na karatasi za Mombasa ndivyo zilivyo, nusu hivi nusu vile. Sisi twaiacha ifanye kazi usiku, asubuhi twakuta folda nzima imesomwa.

Baada ya hapo sioni haja ya lebo. Mtu yuwatafuta namba ya kontena, yuwaipata. Kwisha.

#3 (mwanzisha uzi)

Ndugu yangu wa bandarini, nimeifanya jana usiku kwa folda nzima ya 2016 na nakushukuru sana. Kweli inasoma. Kile kiapo sasa chajitokeza ukitafuta kwa maneno yake.

Ila namba ya kontena na karatasi zangu ni vitu viwili. Namba ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba, ulimwengu mzima inaandikwa hivyo hivyo, na tarakimu ya mwisho ipo hasa kukagua kama zile nyingine ziko sawa. Haina jina la utani. Kwako utafutaji wa maneno watosha kwa sababu watu walikaa zamani wakakubaliana kuhusu hiyo namba. Hiyo tayari ni lebo, kaka, ila ilitiwa kabla haijakufikia.

Zangu niliziona leo asubuhi. Kwenye namba za ploti, ile I ya Kirumi imesomwa mara kuwa 1, mara kuwa l ndogo. Pale muhuri wa bluu ulipoangukia jina la shahidi, jina limekuwa takataka. Mwandiko wa mkono haukusomeka. Barua za wazee zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hata sikujaribu: mwandiko ule wa kale huandika u na o kwa alama moja, i na e kwa alama moja, hata mtu aliyesoma lazima ajue lugha kwanza ndipo ajue neno.

Na hata maandishi yakiwa safi kabisa, kuna jambo lililopimwa zamani ambalo kila karani wa wakili yafaa alijue. Mwaka 1985 watafiti wawili, Blair na Maron, walichapisha jaribio lao kule Marekani. Kulikuwa na kesi kubwa iliyotokana na ajali ya treni, nyaraka karibu 40,000, kurasa kama 350,000, zote zimeingizwa kwenye kompyuta zitafutwe kwa maneno. Mawakili walitaka wapate angalau asilimia 75 ya nyaraka zinazohusika, na waliamini wamezipata. Zilipopimwa, walikuwa wamepata kama asilimia 20.

Sababu yake ndiyo iliyonishika. Upande mmoja uliandika "ajali". Upande ulioshtakiwa haukupenda neno hilo, ukaandika "tukio", "hali ile", "tatizo", na wengine waliandika tu kuhusu kilichotajwa kwenye barua iliyotangulia. Mtafutaji aliyeandika "ajali" hakuziona hata moja kati ya hizo, na hakujua. Ndugu zangu, hebu fikirini familia za hapa zinavyoandikiana barua juu ya shamba la marehemu. Nani aandika "mgogoro"? Huandika "lile jambo letu".

#4

Mimi ni mkutubi, nimestaafu. Nimeusoma uzi huu mara mbili, na napenda mtu anayeipenda kazi yake. Lakini mwanangu, nikuonye upande wa pili, maana lebo nazo nimeziona zikifa.

Mwaka 1987 mtafiti Furnas na wenzake walipima jambo dogo: wape watu wawili kitu kimoja, kila mmoja akipe jina analoliona linafaa. Uwezekano wa kutoa jina moja ulikuwa chini ya asilimia 20. Kwa hiyo yule mwenye kutia lebo leo na yule atakayetafuta mwakani ni kama wageni, hata wakiwa mtu mmoja. Shuleni tulipofundishia tuliwahi kuwaachia walimu watie maneno yao wenyewe kwenye mitihani ya zamani. Baada ya mihula miwili tulikuwa na "jiografia", "Jiografia", "jogorafia" na "jio". Hapo umeongeza fujo juu ya fujo.

Lebo bila orodha iliyokubaliwa ni kelele. Maktaba zilijua hili tangu Dewey, yule wa mpango wa namba za vitabu, mwaka 1876: kwanza mwakubaliana neno, ndipo mwapanga vitabu. Una orodha?

#5 (mwanzisha uzi)

Shikamoo mzee wangu, na asante kwa kunisahihisha. Umeniona vizuri. Jaribio langu la kwanza mwaka juzi lilikuwa na lebo zaidi ya 60 na lilikufa kwa ugonjwa huo huo: tulikuwa na "mirathi", "urithi", "mirathi_", na mwenzangu mmoja aliandika "succession". Jambo moja, lebo nne, na ukitafuta moja huzipati tatu.

Sasa orodha ina maneno kumi na moja, imechapwa kwa herufi kubwa na kubandikwa ukutani juu ya skana. Mengi yamo humu: kiapo, hati, ramani, cheti, barua, amri, stakabadhi, picha, sauti. Kila moja kwa umoja tu, hairuhusiwi "viapo" wala "barua mbili", kwa sababu ya ule ugonjwa wa vichwa vya maneno niliousema. Anayetaka neno la kumi na mbili lazima aje tukae, tuseme ni la nini, na lile lililokuwa likifanya kazi hiyo liende wapi. Tangu Januari ameomba mmoja tu.

Jina la faili laanza na tarehe ya karatasi yenyewe, mwaka mbele: 2016-08-11. Hapo zinajipanga zenyewe kwa umri. Tafadhalini msiandike siku mbele, 11-08-2016, maana kompyuta itaziweka zote za tarehe 11 pamoja hata kama miaka imepishana. Kisha aina kutoka kwenye orodha. Kisha ploti kwa sura moja tu tuliyoikubali, MN-I-1234. Kisha jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, si kama lilivyo kwenye karatasi.

Ukitazama, nusu ya hayo karatasi inayasema na nusu haiyasemi. Nimelegeza msimamo wangu hapo kwa makusudi. Tarehe na ploti ziko ndani, lakini ziko kwa sura sita, na kuzichagulia sura moja ni kazi ya mtu.

#6

Wapendwa, mimi nna studio ya picha huku Majengo, harusi na sherehe. Hii habari ya kutafuta maneno sisi haituhusu hata kidogo, picha ya bibi harusi haina neno ndani. Kwetu ni lebo au kufa.

Nilichojifunza kwa machungu: lebo tiini NDANI ya picha, si kwenye programu. Picha ya JPEG ina nafasi yake ya maneno, na programu kama digiKam, ya bure, hukubali kuyaandika humo humo. Nilipobadilisha kompyuta maneno yalikuja na picha. Miaka mitatu ya nyuma nilikuwa nayo kwenye programu tu, na ilipoharibika yalikwenda nayo yote, harusi zaidi ya 90 zikabaki bila jina.

Na jihadharini na WhatsApp. Ukituma picha kama picha, yale maneno ya ndani hufutika. Ukiituma kama waraka yanabaki. Isitoshe IMG-20210305-WA0012 hiyo tarehe yake ni ya siku ilipopita WhatsApp, si siku picha ilipopigwa. Karani, wewe wa mahakamani hilo likushughulishe.

#7 (mwanzisha uzi)

Dada wa Majengo, hilo la tarehe limenishtua na nimekwenda kuangalia hapo hapo. Tulikuwa na picha ya ukuta uliobomolewa tuliyoipa jina kwa tarehe ya WhatsApp. Mteja alipoulizwa akasema aliipiga wiki mbili kabla, akatuma baadaye. Tumesahihisha leo kabla haijatoka ofisini. Nashukuru kwa dhati.

Sauti nazo ni hivyo hivyo, PTT-20210305-WA0003. Hakuna atakayeipata hiyo kamwe. Sasa kila sauti inayoingia lazima mtu aisikilize hadi mwisho na aandike mistari miwili kwenye faili ndogo ya maandishi yenye jina lile lile, ikae pembeni yake. Dakika tano kila moja. Bosi alilalamika wiki ya kwanza, sasa halalamiki.

#8

Mimi ni kijana wa programu, Kisauni. Hilo la vichwa vya maneno ni kweli kabisa, ila lina dawa na dawa yenyewe ya zamani mno.

Ukitumia OCRmyPDF ongeza --sidecar, itakupa na faili ya maandishi matupu kwa kila karatasi. Kisha tumia grep, programu ndogo ya kutafuta herufi ndani ya faili za maandishi. Yenyewe haijali neno laanzia wapi, hutafuta herufi popote zilipo. Ukiandika grep -ril rithi utapata mrithi, warithi, urithi, alirithi, wote kwa mpigo mmoja. Ongeza na rathi kwa ajili ya mirathi. Na majina: ukitia -E kisha m[uo]hamm?[ae]d, wapata Mohamed, Mohammed, Muhammad, Muhamed na Mohamad bila kuandika mara tano.

Kwa majina ya faili tu, kwenye Windows, sakinisha programu iitwayo Everything. Hutafuta katikati ya jina pia, na majibu huja papo hapo hata kwa faili laki kadhaa. Angalia tu majina yasiwe marefu kupita kiasi. Njia nzima ya faili pamoja na folda zake ikifika herufi 260, programu nyingi za Windows hukataa kuifungua.

#9 (mwanzisha uzi)

Mdogo wangu, Mola akuzidishie. Nimekaa na hiyo grep tangu saa mbili hadi adhuhuri. Faili 1,140 za mwaka 2016: kisanduku cha Windows kwa "mrithi" kilinipa 38. Grep kwa "rithi" na "rathi" imenipa 211. Nimezipitia zote kwa jicho, tisa tu ndizo zisizohusika, kwani "rathi" imo pia kwenye majina ya watu.

Kutoka 38 hadi 211. Karatasi zile zile, chumba kile kile. Nimewaita wenzangu waje waone kwenye skrini, maana nilijua nikiwasimulia hawatasadiki.

#10

Samahanini, lakini mnahangaika na mambo ya jana. Sasa kuna akili mnemba, unauliza tu "nipe kiapo cha yule mzee wa Likoni" inakupa. Inaelewa maana, haitaki herufi. Miaka miwili mitatu hizi lebo zenu zitakuwa kichekesho.

#11 (mwanzisha uzi)

Nitafurahi ikifika, na kwa "ajali" na "tukio" naamini itasaidia sana. Lakini niambie: kwenye kile kiapo hakuna mahali palipoandikwa Likoni. Hakuna palipoandikwa kwamba kilirudishwa na msajili. Hayo yalikuwa kichwani mwa karani aliyekipokea kaunta, na yule karani ameshahamia Nairobi. Mashine yoyote, iwe na akili kiasi gani, itasoma kilichopo. Kisichopo lazima mtu akiandike wakati anakijua bado.

#12

Karani, mimi ni wakili na nina neno moja tu. Jina kamili la mteja kwenye jina la faili, kisha faili yatumwa kwa barua pepe, yafunguliwa kwenye kompyuta ya saiba, yaonekana kwenye skrini mteja mwingine akiwa ameketi hapo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatuhusu sisi sote, hata ofisi ya watu watatu. Na kwenye kazi za talaka na watoto jambo hili ni zito zaidi. Fikirieni tena.

#13 (mwanzisha uzi)

Wakili, umenifunga mdomo, na nimelifikiria kwa siku nne kabla ya kurudi hapa.

Tumebadilisha. Jina la mtu limetoka kwenye jina la faili. Mahali pake pameingia namba ya jalada, ile ile iliyoandikwa kwa kalamu kwenye jalada la kabatini. Kisha tumefungua daftari moja la jedwali, limefungwa kwa nywila, mstari mmoja kwa kila mteja: namba ya jalada, jina la kitambulisho, halafu kila namna jina lake lilivyowahi kuandikwa kwenye karatasi yoyote tuliyoiona. Mteja mmoja ana namna saba. Pia anakotoka, na aliyemleta.

Sikutarajia, lakini hilo daftari ndilo limetibu ugonjwa wa majina kuliko kitu kingine chochote kwenye uzi huu. Mtu akiingia natafuta kwanza humo, kwa sura yoyote ya jina aliyoitamka, napata namba, na namba haina tahajia. Ningekuwa nalo Jumatatu ile mama wa watu angekunywa chai akaondoka na nakala yake. Nimempigia simu. Alikuwa ameshaapa kiapo kingine, kwa pesa yake mwenyewe. Tumemrudishia.

#14

Na zile barua za herufi za Kiarabu umezifanyaje? Nauliza kwa sababu nyumbani kwetu Kibokoni tuna sanduku zima la babu.

#15 (mwanzisha uzi)

Ndugu wa Kibokoni, hizo hazina njia ya mkato. Kwanza zipige picha zote mbele na nyuma kabla ya mvua za masika, karatasi zile hazipendi unyevu. Kisha tafuta msomaji. Sisi tumempata maalim mzee ambaye huja Alhamisi baada ya alasiri, twamlipa nauli na kidogo juu yake. Yeye husoma kwa sauti, mimi huandika kwa herufi za Kirumi, neno kwa neno kama alivyotamka, na faili hiyo ya maandishi hukaa pembeni ya picha kwa jina lile lile. Baada ya hapo grep inaifikia kama nyingine.

Alhamisi iliyopita alisoma ya tatu. Ni barua ya kuuziana shamba, na haina namba ya ploti, iliandikwa kabla mpima hajafika huko. Mipaka yake imeandikwa hivi: kibla (kaskazini) ni mwembe wa mtu fulani, kusi (kusini) ni njia ya kwendea kisimani, matlai (mashariki) ni minazi mitatu. Maalim akaisoma mara mbili ili niandike sawa. Kwenye orodha yangu ya maneno kumi na moja hamna neno la kuibandika barua ile, na MN-I sina pa kuiandika. Kwa sasa nimeipa jalada lake na neno "barua", na kwenye daftari nimeandika "mwembe, kisima, minazi mitatu". Aliyewahi kupanga karatasi za namna hii anieleze alitumia nini mahali pa namba, Alhamisi hii twasoma ya nne.